Ananinyima usingizi: ndiyo mapenzi hayo, Shangazi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina miaka 29 na sijaolewa. Nimeshamuuliza kila ninayemwamini, kila mmoja kanipa lake, nami nimebaki palepale.

Kuna mwanamume tunajuana tangu niko chuo. Ni fundi umeme, kwao na kwetu ni majirani wa siku nyingi huku Ngamiani. Mwezi wa Rajabu mshenga wake alileta barua ya posa. Wazee wameipokea, ila mahari bado; wamesema watajibu baada ya Iddi. Sina la kumlaumu. Hana ulevi, hana matusi, mama anampenda kama mwanawe. Lakini Shangazi, akipiga simu moyo haunidundi. Tunaongea mambo ya kawaida tu: habari za shule, Coastal Union wamefungwa, bei ya nyaya imepanda. Juzi alikuja kutengeneza pangaboi la mama. Kabla hajaondoka akaniuliza habari za mwanafunzi wangu mmoja mtoro, niliyemsimulia zamani hata mwenyewe nilishasahau, kama amerudi darasani. Basi, ndiyo mazungumzo yetu hayo. Nikiwa naye nacheka, hata usingizi naweza kuupata, kama niko chumbani kwangu.

Mwaka jana nilikwenda semina Dodoma nikakutana na mwingine. Tangu hapo mimi si mimi. Akinitumia ujumbe asubuhi, siku nzima miguu haigusi chini. Akinyamaza, na hunyamaza siku mbili tatu, mara nyingine wiki, chakula hakipiti. Nalala na simu chini ya mto. Naangalia alikuwa hewani saa ngapi. Naona tiki zimegeuka bluu na jibu hakuna, narudi kusoma nilichoandika neno kwa neno kutafuta nilipokosea. Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha pili, nikagundua insha moja nimeisahihisha mara mbili na nimeipa alama mbili tofauti. Simu ilikuwa kwenye droo na masikio yangu yako humo. Netiboli ya wasichana jioni nimemwachia mwalimu mwingine, maana ndio muda anaopenda kupiga. Halafu anarudi, naisikia sauti ile, na yote yanasahaulika. Ana kwa ana tumeonana mara chache, na kila mara nilikuwa natetemeka. Nilimweleza habari ya posa. Alisema, "Tutaona."

Rafiki yangu wa kazini anasema hayo ndiyo mapenzi yenyewe, ndoa isiyoanza na moto huanza imeshapoa. Mama anasema mapenzi huja ndani ya nyumba, mtu unaolewa na tabia. Nisaidie Shangazi. Ninachohisi kwa huyu wa Dodoma ndiyo shauku ya kweli au ni tamaa? Na huu utulivu wangu kwa wa barua ni mapenzi, au ni mazoea? Naogopa kuolewa na mtu niliyemzoea kama kaka. Naogopa pia nisije nikaacha mtu mzima nikakimbilia mlio wa simu.

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako kalamu ikiwa mkononi, na kuna jambo limenigusa kabla hata sijafika kwenye maswali yako.

Wa Dodoma umempa aya ndefu kuliko zote. Nimeipitia kumtafuta yeye mwenyewe: anapenda nini, anachekeshwa na nini, akikasirika yukoje, anaongeaje na mhudumu anayemletea chai. Sijamwona. Nimeona simu, tiki, mto na droo. Neno lake umeninukulia moja tu, nalo ni "tutaona". Wa barua umempitia harakaharaka, lakini ukiniuliza leo ni mtu wa namna gani nitakueleza: anashabikia timu inayomtia majonzi, anapanda ngazi kwa ajili ya pangaboi la mama mkwe ambaye bado hajawa mkwe, na anakumbuka mtoto mtoro wa darasa lako ambaye wewe mwenyewe ulishamsahau.

Hilo halitoshi kukuambia uolewe na nani. Linatosha kunionyesha kwamba kwa mmoja macho yako yako kwa mtu, na kwa mwingine yako kwenye kioo cha simu.

Sasa swali lako la kwanza. Umeuliza kama ni tamaa. Mimi sidhani, na tusiisingizie tamaa kila jambo. Tamaa inajulikana: inautaka mwili, ikipata hutulia, na ikikosa kwa huyu inaweza kugeuza shingo kwa yule. Mungu kaiumba, na ndani ya ndoa ina kazi yake na heshima yake. Lakini wewe katika aya yote ile hujanisimulia hata mkono wake, hata harufu ya shati lake. Umenisimulia kusubiri.

Unachonieleza mimi nakiita wahaka. Ni roho kukosa pa kukaa. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Dorothy Tennov, alieleza hali hii kwa kina baada ya kukusanya simulizi za mamia ya watu kuhusu walivyopenda. Aliona mtu akishikwa hivyo, fikra zake zote humzunguka mmoja, kila ishara ndogo huichambua mara mia, na raha na maumivu yake yote hutegemea jibu la yule. Akaona pia kinachoilisha hali hiyo: matumaini yakichanganyika na mashaka. Ukikubaliwa kabisa, ukamjua mtu kwa ukaribu, homa hushuka. Ukikataliwa waziwazi, unalia, kisha baada ya muda unapona. Anayewekwa katikati, hajui kama ameitwa au amefukuzwa, huyo ndiye asiyelala. Tazama basi "tutaona" ya bwana yule. Sijui kama anafanya makusudi, na sina haja ya kumhukumu. Ila kama angetaka usipone, asingepata neno bora zaidi.

Utaniambia, "Lakini Shangazi, moyo unanidunda kweli." Najua unadunda. Nakuuliza unadundishwa na nini.

Mwaka 1974 watafiti wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, walifanya jaribio karibu na Vancouver, Kanada. Kuna daraja la kuning'inia pale, la Capilano, jembamba na refu, linayumba, na mto uko chini kabisa, kiasi cha mita 70. Wakamweka binti awasimamishe vijana wa kiume wanaolivuka, awaulize maswali machache, kisha awape namba ya simu kama wangetaka kuuliza zaidi kuhusu utafiti. Binti akafanya vilevile kwenye daraja jingine, fupi na imara, lisilo na la kuogopa. Wa daraja la kuyumba waliochukua namba, nusu yao walimpigia. Wa daraja imara walikuwa 16 waliochukua namba, wakapiga wawili tu. Binti ni yuleyule na maswali ni yaleyale. Moyo wa wale ulikuwa unadunda kwa ajili ya daraja, wao wakadhani ni kwa ajili ya binti.

Wewe umekaa kwenye daraja lile tangu semina. Wiki ya kimya ni hofu. Tiki za bluu ni hofu. Halafu simu inaita, hofu inaondoka ghafla, na ile nafuu ya kutoka kwenye hofu ni tamu, tamu kweli, sikatai. Lakini nafuu hiyo anakupa mtu yuleyule aliyekutia kwenye hofu. Na ukiangalia vizuri, utamu wake unapimwa na urefu wa kimya kilichotangulia. Ndiyo maana wa barua, anayepiga simu siku aliyosema atapiga, hakupi kitu cha namna hiyo. Hajakuogopesha, atakupaje nafuu?

Hapo rafiki yako anapopotea ndipo wengi wanapopotea, na inaniuma, maana nimewaona mabinti wenye akili zao wakiyatoa maisha kwa mtu kwa sababu tu aliwatetemesha. Shauku ya kweli nayo inadundisha moyo, hasa mwanzoni. Waliosema mapenzi ni kikohozi hayafichiki hawakukosea. Ina joto, ina mwili ndani yake, ina hamu ya kumwona mtu mlangoni. Lakini inamjua inayemtaka. Unataka kusikia atasema nini kuhusu jambo lililotokea leo. Unamkumbuka kwa kitu alichofanya, kicheko chake, jinsi anavyokunja mikono ya shati. Akiwepo, unazidi kuwa wewe. Unapata nguvu hata za mambo yasiyomhusu. Wahaka unakwenda upande wa pili. Umeacha netiboli. Mtoto wa watu umempa alama mbili kwenye insha moja. Huli. Na hata mkionana unatetemeka, maana yake hata mbele yake hujawahi kukaa ukasema unalofikiri. Mtu huyo unayemuwaza usiku kucha, mwanangu, bado hujakutana naye.

Wivu sitaugusa sana kwa kuwa hukuuliza, ila nao watu huuchukua kuwa kipimo cha mapenzi. Siku utakapoanza kutaka kujua yuko hewani na nani, usije ukaniandikia kwamba sasa umethibitisha.

Nije kwa wa barua, na hapa ninataka twende taratibu, kwa sababu mama yako naye amesema kweli nusu.

Robert Sternberg, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1986 kwamba mapenzi yana pande tatu: ukaribu, shauku na ahadi. Ukaribu peke yake ni urafiki. Shauku peke yake ni kuzuzuka. Ahadi peke yake, bila hizo mbili, ni nyumba tupu yenye cheti ukutani. Simchukulii kama msahafu, ila kipimo chake kinakufaa. Kwa wa barua ukaribu upo, tena mwingi, na ahadi imo ndani ya bahasha aliyoileta mshenga. Shauku hatujui. Sisemi haipo. Nasema hatujui, na wewe pia hujui, kwa sababu hujawahi kuiangalia. Muda wote ulikuwa unasikiliza droo.

Mama anasema itakuja ndani ya nyumba. Kuna waliosubiri ikaja, na wanaishi vizuri hadi leo. Kuna waliosubiri hadi wajukuu wakazaliwa. Siwezi kukutuma ukacheze bahati nasibu hiyo kwa sababu tu mtu ni mwema. Wema wa mtu unastahili shukrani, na shukrani si sababu ya kulala kitanda kimoja na mtu miaka 40. Huruma nayo ni hivyohivyo.

Umeuliza kama ni mazoea. Mazoea ni pale mtu anapokuwa mbele yako nawe humwoni tena. Anasema jambo na husikii kwa kuwa unadhani unajua atakalosema. Utulivu ni kitu kingine: unamwona vizuri na huna la kuogopa. Katika nyinyi wawili, yeye hajakuzoea hata kidogo. Mtu anayebeba habari ya mwanafunzi wako kichwani siku zote hizo, akaja nayo akiwa na bisibisi mkononi, huyo anakusikiliza kwa hamu. Umeyaandika hayo kana kwamba ni malalamiko. Yasome tena.

Lakini hamu yake haiwezi kuwa yako. Kwa hiyo kuna swali ambalo somo wako, kungwi wa kukufunda, angekuuliza bila kupepesa macho, nami nakuuliza kwa niaba yake. Kaa peke yako, mlango umefungwa, simu iko kwa mama. Mfikirie mwanamume huyu ni mumeo, wageni wameondoka, mmebaki wawili. Mwili wako unasemaje? Ukisinyaa, ukahisi kama umewekwa chumbani na kaka yako kweli, basi usiolewe naye, na usimwonee haya mtu kwa jibu hilo. Kuolewa naye huku unasinyaa ni kumdhulumu yeye pia. Ukiona aibu, ukatabasamu, ukataka kujua zaidi, hapo kuna kitu, hata kama hakijawahi kukunyima usingizi. Na ukiona huelewi, ni kwa sababu hamjapata nafasi. Mnakutana sebuleni kwa wazee, pangaboi katikati, mkiongea bei ya nyaya.

Jipeni nafasi, kwa heshima yenu. Tokeni mchana mwende Raskazone na mdogo wako. Fanyeni kitu ambacho hamjawahi kufanya pamoja, chochote kitakachowatoa kwenye mazungumzo ya kila siku. Hili nalo limepimwa: mwaka 2000 Aron na wenzake waliwapa wanandoa kazi fupi ya kufanya pamoja. Waliopewa kitu kipya cha kuchangamsha walitoka wakiridhika zaidi na uhusiano wao kuliko waliopewa cha kawaida. Na kwa wanaodhani shauku ni ya miezi ya kwanza tu, mwaka 2012 Bianca Acevedo na wenzake walitoa utafiti wa watu waliokuwa kwenye ndoa kwa wastani miaka 21 na wakasema bado wanawapenda wenzao sana. Walipoonyeshwa picha za wenzao, sehemu za ubongo zinazohusika na hamu na raha ya kupata unachokitaka ziliamka kama zinavyoamka kwa wapenzi wapya. Acevedo na Aron walishaeleza mapema, mwaka 2009, kwamba mapenzi makali yanaweza kudumu ndani ya ndoa. Kile cha kung'ang'aniwa na fikra usiku na mchana ndicho ambacho kwa kawaida hubaki mwanzoni. Kwa hiyo usikipime kinachodumu kwa kile kinachopita.

Sasa la kufanya, maana Iddi haiko mbali.

Anza na wa Dodoma. Mpigie, usimwandikie, ujumbe utakurudisha kwenye kuhesabu tiki. Muulize neno moja: ana nia ya kuoa au hana? Usimtake alete mshenga, kwa kuwa dini yetu haitaki mtu apose juu ya posa ya nduguye, na wa barua bado anasubiri jibu. Muulize nia tu, kisha unyamaze umsikilize. "Ndiyo" ina sura yake: ina lini, ina wazee gani, ina maswali kuhusu wewe. Jibu lolote jingine, likiwa refu kiasi gani, likiwa kwa sauti tamu kiasi gani, ni hapana. Na akisema ndiyo ya kweli, basi utakuwa na kazi nyingine mpya kabisa: kuanza kumjua.

Akisema hapana, au akisema tena tutaona, futa namba. Nakuonya, siku za mwanzo zitakuwa mbaya. Utahisi kama umefiwa, utataka kupiga simu saa nane za usiku "kumsalimia tu". Hiyo ni homa inashuka, usidhani ni ushahidi kwamba umeacha penzi la maisha yako. Kesho jioni rudi kwenye netiboli, hata kabla hujaamua lolote. Wale wasichana hawana kosa, na wewe unahitaji kukimbia.

Istikhara, sala ya kumwomba Mungu akuongoze kuchagua, uiswali, ila usikae kusubiri ndoto. Wapo wanaoswali leo na kesho asubuhi wanawatafuta wakalimani wa ndoto, huku macho yao yana ishara tele mchana kweupe.

Kisha wazee. Barua ya posa haijawa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya anayeoa na anayeolewa, na dini pia inataka binti aulizwe. Kwa hiyo waombe wazee wasipokee mahari mpaka wewe mwenyewe useme ndiyo. Mahari ikishapokelewa, kurudi nyuma kunakuwa na aibu na madai, na watu wataanza kukuhesabia gharama badala ya kukusikiliza. Kama unahitaji miezi mitatu zaidi, iombe sasa. Mama atanuna. Mwache anune, mpikie futari nzuri, na usibadilishe ombi lako.

Inawezekana, baada ya haya yote, ukakuta hakuna wako kati ya hawa wawili. Hilo nalo ni jibu. Una miaka 29, una kazi yako, hakuna treni inayokuacha stesheni.

Na jambo la mwisho ni la wa barua. Hajui kwamba amewekwa kwenye mizani na mtu wa Dodoma, na si lazima ajue yote. Lakini kwamba bado hujafika kwenye ndiyo, na unataka muda wa kumtazama upya, anastahili kulisikia. Mwambie wewe, mkiwa mmekaa, kwa sauti yako. Usimtume mama, wala usimtume mshenga.

Shangazi